Richard Bell Davies: rubani wa wanamaji ambaye hakupewa meli ya ndege kati ya vita viwili vya dunia

MLETA UZI

Wakuu, salaam. Kila inapotajwa historia ya urubani katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, mjadala huruka moja kwa moja kutoka kwenye ndege za mbao na turubai za mwaka 1915 hadi kwenye shambulio la bandari ya Taranto nchini Italia la Novemba 1940, kana kwamba miaka ishirini iliyo katikati ilikuwa ya likizo. Naomba tuitazame miaka hiyo kupitia utumishi wa mtu mmoja, Richard Bell Davies, kwa sababu katika mfululizo wa vyeo vyake vya wakati wa amani mna jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Mtu huyu alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa kazi aliyoifanya akiwa rubani, kisha akawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutua juu ya meli yenye sitaha iliyo wazi kutoka omo hadi tezi, lakini kati ya 1919 na 1939 hakukabidhiwa hata meli moja ya kubeba ndege aiongoze.

Alizaliwa London mwezi Mei 1886, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mjomba wake aliyekuwa daktari, na mwaka 1901 akaingia jeshi la wanamaji kama kijana wa mafunzo ya uofisa. Wakati huo ndege zilikuwa hazijavumbuliwa. Zilipokuja, hakungoja jeshi limpeleke darasani. Alijilipia mafunzo ya kuruka kwa fedha zake mwenyewe, na kabla ya vita kuanza alikuwa amekwisha kupokewa katika kikosi cha anga cha wanamaji huko Eastchurch, chini ya Charles Rumney Samson, ofisa aliyekuwa wa kwanza Uingereza kurusha ndege kutoka juu ya meli, Januari 1912.

Sehemu ya vita nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Januari 1915 alikwenda na rubani mwenzake, Richard Peirse, kushambulia nyambizi za Wajerumani katika bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji. Kabla ya kufika alipigwa risasi ya paja, lakini hakugeuka; aliendelea na kazi akaiongoza ndege kwa muda wa saa nzima huku akivuja damu. Wote wawili walipewa nishani ya DSO. Naomba jina la Peirse likumbukwe, maana tutalirudia.

Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo, kikosi chao kikiwa upande wa Dardanelles, mlango-bahari wa Uturuki, walikwenda kupiga kituo cha reli cha Ferrijik, ambacho wakati huo kilikuwa katika ardhi ya Bulgaria. Ndege ya ofisa kijana, Gilbert Smylie, ilipigwa ikalazimika kutua katika eneo la adui, naye akaichoma moto ili isitekwe. Ndani yake lilikuwa limebaki bomu moja. Smylie alipomwona Bell Davies akishuka kumfuata, alihofia kwamba bomu lile lingelipuka mwokozi wake akiwa karibu, kwa hiyo akalipiga kwa bastola likalipuka mapema. Bell Davies akatua huku askari wa Bulgaria wakikaribia. Ndege yake ilikuwa Nieuport ambayo nafasi ya mbele ilikuwa imefunikwa ili itumike na mtu mmoja tu. Smylie alijipenyeza chini ya kifuniko hicho, akajikunja karibu na injini, wakapaa. Hiyo ndiyo iliyomletea Victoria Cross, na kwa watu wengi habari za mtu huyu huishia hapo.

Kwangu mimi zinaanzia hapo. Baada ya Dardanelles alipelekwa kwenye meli ya Campania, ambayo ilikuwa meli ya abiria iliyogeuzwa ili irushe ndege, akaingia katika kazi ya majaribio isiyo na shangwe: ndege inaondokaje melini na, jambo gumu zaidi, inarudije. Agosti 1917, rubani Edwin Dunning alifanikiwa kutua juu ya meli ya Furious huko Scapa Flow, na siku chache baadaye akafa akijaribu tena, kwa sababu Furious ilikuwa na sitaha ya mbele tu na rubani alilazimika kuzunguka dohani na mnara wa nahodha kwa upande kabla ya kugusa sitaha. Jibu lilikuwa Argus, iliyojengwa juu ya kiunzi cha meli ya abiria ya Kitaliano ambayo haikuwa imemalizika, ikaachwa tambarare kabisa bila dohani wala mnara juu. Majaribio ya kutua yalifanyika Septemba na Oktoba 1918, na Bell Davies alikuwa mmoja wa marubani wa mwanzo walioshuka juu yake. Katika majaribio hayohayo ulijengwa mnara wa bandia kwa mbao na turubai upande wa kulia wa sitaha ili ionekane kama marubani wangeweza kuuvumilia, na tangu hapo meli za ndege za Uingereza zilizofuata, Eagle na Hermes, zikawekewa mnara upande huo.

Hapo ndipo siasa zilipoingia. Tangu tarehe 1 Aprili 1918, kikosi cha anga cha wanamaji na kile cha nchi kavu vilikuwa vimeunganishwa kuwa jeshi moja jipya la anga, RAF. Jeshi la wanamaji lilitoa watu zaidi ya 55,000, ndege 2,949, meli za anga 103 na vituo 126 vya pwani. Ndiyo maana Bell Davies alipokuwa akiifanyia majaribio meli ya wanamaji, kwa mujibu wa karatasi alikuwa ofisa wa jeshi la anga, na nishani aliyoongezewa kipindi hicho ni Air Force Cross. Vita vilipokwisha, kila ofisa wa namna yake alipaswa kuchagua abaki wapi. Karibu wote waliokuwa na jina katika urubani walibaki RAF. Yeye, mwaka 1919, alirudi melini.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ahsante, mleta uzi. Naomba ufafanue hapo kwenye kuchagua, kwa sababu kwa maelezo yako ni kama alijinyima mwenyewe. Samson alichagua nini? Na je, kuna lolote linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, au ni habari za Ulaya tupu?

MLETA UZI

Samson alichagua kinyume chake, na ndiyo maana kuwaweka wawili hawa pamoja kuna faida. Agosti 1919 aliacha cheo chake cha wanamaji, akawa ofisa wa RAF moja kwa moja. Mwaka 1921 alikuwa anaongoza kikosi cha anga cha Mediterania akiwa Malta, mwaka uliofuata akapandishwa cheo na kupewa kundi la ndege za kivita huko Kenley, kusini mwa London, kisha mwaka 1926 akawa mnadhimu mkuu wa RAF Mashariki ya Kati, makao yake Misri. Alistaafu 1929 kwa sababu ya afya, akafariki Februari 1931 akiwa na umri wa miaka 47.

Kuhusu Afrika Mashariki, kiungo kipo tena ni cha kweli. Machi 1926 ndege nne za Fairey IIID ziliondoka Cairo kwenda Cape Town, zikipitia Sudan, Uganda, Kenya na Tanganyika, zikarudi Misri mwishoni mwa Mei. Huko zilifungwa vyelezo badala ya magurudumu, zikaruka hadi Lee-on-Solent kusini mwa Uingereza. Aliyeziongoza alikuwa Conway Pulford. Mwaka uliofuata, 1927, ndege nne za Fairey IIIF zilifanya safari ya Cairo hadi Cape Town na kurudi, na kiongozi wake alikuwa Samson. Wote wawili walilelewa na jeshi la wanamaji. Kwa maneno mengine, wazee wetu wa Kisumu na Tabora walioinua macho kuzitazama ndege za kijeshi zikipita walikuwa wanatazama kazi ya mabaharia waliovaa sare ya rangi nyingine.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Rufiji. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta, mahali ambapo meli za Waingereza zisingeweza kuiona, na mwezi Julai ilimalizwa na meli za mizinga Severn na Mersey ambazo hazikuwa zikiona shabaha yao wenyewe. Marubani wa wanamaji wakiongozwa na John Cull walikuwa juu wakieleza kila kombora limeangukia wapi. Iwapo mtu anataka mfano mmoja wa kwa nini wanamaji walihitaji jicho la angani lililo lao na linaloijua lugha ya mizinga ya meli, hana haja ya kwenda Bahari ya Kaskazini. Uko hapa nyumbani.

Sasa turudi kwa Peirse. Yeye naye alibaki RAF, na Oktoba 1940 akawa mkuu wa kikosi kizima cha ndege za mabomu za Uingereza. Watu wawili waliopata nishani moja katika kazi moja siku moja: mmoja alifikia kuongoza Bomber Command, na mwingine wakati huo alikuwa admirali wa nyuma (rear admiral) wa vituo vya nchi kavu, akingoja kustaafu. Sisemi kwamba uwezo wao ulikuwa sawa wala kwamba Peirse alifaulu, kwa sababu aliondolewa katika nafasi hiyo mwanzoni mwa 1942. Nasema tu kwamba RAF ilikuwa na ngazi ya kupanda kwa mtu aliyejua ndege, na jeshi la wanamaji halikuwa nayo.

MCHANGIAJI WA PILI

Mkuu, mimi nimewahi kusoma kwamba jeshi la wanamaji lilikuwa na kikosi chake cha Fleet Air Arm tangu 1924. Inakuwaje basi useme hapakuwa na ngazi?

MLETA UZI

Swali zuri, na ndilo lenye uzito wote wa uzi huu, kwa hiyo naomba uvumilivu nilijibu kwa kirefu.

Fleet Air Arm iliyoundwa Aprili 1924 haikuwa mali ya wanamaji. Ilikuwa sehemu ya RAF iliyopangiwa kazi ya baharini. Wizara ya Anga ndiyo iliyonunua ndege, ikawafundisha marubani na kuviongoza vituo vya nchi kavu. Wizara ya Wanamaji ililipia gharama, ikaendesha meli, na ikawa na amri juu ya ndege pale tu zilipokuwa baharini. Mpangilio huo ulitokana na mapatano kati ya Hugh Trenchard, mkuu wa RAF, na Roger Keyes, naibu mkuu wa makao ya wanamaji. Hawa walikuwa wanyumba, maana wake zao walikuwa ndugu, na nadhani undugu huo ulisaidia kupata karatasi yenye saini kuliko ulivyosaidia kupata mfumo unaofanya kazi. Makubaliano yalisema hadi asilimia 70 ya marubani wangeweza kuwa maofisa wa wanamaji, lakini kila mmoja wao angeshika vyeo viwili kwa pamoja, cha melini na cha RAF. Watazamaji, yaani wale waliokaa nyuma ya rubani kupima njia, kupeleleza na kutuma habari, wangetoka jeshi la wanamaji peke yake.

Jiweke katika nafasi ya luteni kijana wa mwaka 1925. Ukijiunga na ndege, unakwenda kufundishwa na jeshi jingine, unapimwa na wakubwa wa jeshi jingine, na miaka hiyo yote wenzako wanajenga majina kwenye manowari za mizinga, mbele ya macho ya makapteni watakaoamua nani apande cheo. Wengi walipiga hesabu hiyo wakaona haina faida, na nafasi za marubani wa wanamaji zilikuwa ngumu kujazwa. Aliyejiunga alijiunga kwa mapenzi, na pengine kwa ukaidi.

Bell Davies alikuwa ndani ya jengo ambamo hayo yote yalikuwa yakiandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mkuu wa sehemu ya anga katika makao makuu ya wanamaji, kazi ya mezani ambayo ilimaanisha kuwapa maadmirali hoja za kwenda kushindana na Trenchard. Trenchard naye alikuwa na hoja moja aliyoishikilia bila kulegeza: anga ni moja, wala haigawanyiki kati ya bahari na nchi kavu. Kisha Bell Davies akapelekwa kwenye manowari kubwa ya Royal Sovereign akiwa msaidizi wa kapteni, na mwaka 1926 akapandishwa kuwa Kapteni. Akarudi tena katika sehemu ya anga. Baadaye akawa mnadhimu mkuu wa admirali wa kikosi cha kruza, yaani manowari za ukubwa wa kati, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1930 akakaa Wizara ya Anga kama ofisa kiungo wa wanamaji, yaani mjumbe wa kudumu katika nyumba ya jirani ambaye ndiye mnayegombana naye.

Zitazameni nafasi hizo kwa makini. Kila mara meza ya urubani ilimhitaji, kwa sababu hapakuwa na kapteni mwingine mwenye ujuzi kama wake. Na kila mara alipohitaji kuilinda njia yake ya kupanda cheo, ilimbidi atoke kwenye urubani aende kwenye mizinga. Sidhani kulikuwa na njama. Mfumo ulikuwa hivyo: kapteni hupata uadmirali kwa kuongoza meli zinazoheshimika, na meli za ndege wakati huo zilihesabiwa kuwa wasaidizi wa meli zinazoheshimika. Lakini ukiwa na mtu mmoja tu wa aina hiyo, kisha ukamgawa kati ya meza na kruza, hakuna anayebaki wa kusimama kwenye sitaha ambayo yeye mwenyewe aliijaribu mwaka 1918.

Hasara ya jambo hilo ilionekana hata katika vitu vidogo vya kiufundi. Nyaya za kunasia ndege zilizotumika mwanzoni zilitandazwa kwa urefu wa meli ili zizuie ndege isiyumbe pembeni, na zilivunja magurudumu mengi kuliko zilivyookoa. Katikati ya miaka ya 1920 ziliondolewa, na kwa miaka kadhaa ndege za Uingereza zilitua bila chochote cha kuzishika isipokuwa upepo wa mbele na mkono wa rubani. Nyaya za kukingamisha, ambazo ndizo zinazotumika mpaka leo, zilianza kuwekwa kwa uhakika mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwanza katika meli ya ndege ya Courageous. Wamarekani wakati huo walikuwa wamekwisha kuzizoea.

MCHANGIAJI WA TATU

Naomba nipingane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Unaibebesha mzigo mkubwa mno RAF na utaratibu wa vyeo, huku ukiiacha hazina. Tangu Agosti 1919 serikali ya Uingereza ilipanga bajeti zake kwa kudhani kwamba hakutakuwa na vita kubwa ndani ya miaka kumi, na dhana hiyo ilifutwa 1932 tu. Mkataba wa Washington wa 1922 nao uliweka kikomo cha tani 135,000 kwa meli za ndege za Uingereza. Hata wangekuwa na makapteni kumi wa aina ya Bell Davies, wangewapa meli gani? Meli zenyewe zilikuwa chache, na nyingine zilikuwa viunzi vya zamani vilivyogeuzwa.

MLETA UZI

Hoja yako nimeipokea, na kuhusu ndege zenyewe nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Vita vilipoanza Septemba 1939, Fleet Air Arm nzima ilikuwa na ndege 232 tu za mstari wa mbele, na hilo ni suala la fedha pamoja na mvutano wa wizara mbili ambazo kila moja iliona ndege za baharini kuwa mzigo wa mwenzake. Lakini kuhusu watu, fedha haielezi kila kitu, na nitatumia Wamarekani kulionyesha hilo.

Marekani nayo ilibanwa na mkataba uleule wa Washington, kwa kiwango kilekile cha tani. Bunge lao nalo halikuwa karimu. Ila wao hawakuunda jeshi la anga la pekee. Mwaka 1921 waliunda idara ya urubani ndani ya jeshi lao la wanamaji, na mwaka 1926 sheria ikaagiza kwamba meli za ndege na vituo vya ndege vya wanamaji viongozwe na watu wenye sifa ya urubani. Matokeo yake yalichekesha kidogo, kisha yakaleta faida kubwa. Makapteni wenye mvi walirudi shule. Ernest King alipata mbawa zake, yaani beji ya urubani, 1927 akiwa na miaka 48. William Halsey alizipata 1935 akiwa na miaka 52. Pengine hawakuwa marubani hodari, lakini walipofika kwenye uadmirali walijua ndege inaweza nini na haiwezi nini, na sheria ilikuwa imewaonyesha vijana wote kwamba mlango wa juu unapitia kwenye sitaha ya ndege. Kuandika sheria ya namna hiyo hakuhitaji tani hata moja ya chuma.

Uingereza ilikuwa na Bell Davies, aliyekuwa rubani tangu kabla ya vita, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930 ikampa Cornwall, kruza ya mizinga ya inchi nane iliyokuwa katika kituo cha China. Ilikuwa meli nzuri na nafasi ya heshima, sikatai. Kwa haki niseme pia kwamba si kila aliyepewa meli ya ndege hakujua kitu. Reginald Henderson hakuwa rubani wa asili, lakini aliongoza Furious, akawa admirali wa kwanza wa meli za ndege mwaka 1931, kisha akiwa mkuu wa ujenzi wa meli ndiye aliyezisukuma meli za ndege zenye sitaha ya chuma kizito ambazo ziliokoa maisha ya wengi katika Mediterania. Alifanya kazi hadi mwili ukashindwa, akafariki Mei 1939.

Upande wa pili wa mizani ni meli ya ndege ya Glorious. Juni 1940, ikirudi kutoka Norway, kapteni wake, D'Oyly-Hughes, alikuwa mtu shujaa aliyepata sifa zake katika nyambizi. Alikuwa amegombana na mkuu wake wa shughuli za ndege hadi akamwacha nchi kavu angoje kushtakiwa. Meli ilikuwa inasafiri bila ndege hata moja angani ya kuangalia upeo wa macho, katika hali ya hewa safi, mpaka manowari mbili za Kijerumani, Scharnhorst na Gneisenau, zikaikuta. Pamoja na manowari ndogo mbili zilizokuwa zikiisindikiza, watu zaidi ya 1,500 walikufa. Siwezi kudai kwamba kapteni mwingine angeokoka siku hiyo. Ninachodai ni kwamba kuweka ndege moja juu ili itazame mbali ni jambo ambalo rubani wa mwaka 1915 asingehitaji kukumbushwa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Na hiyo Cornwall, si ndiyo iliyozamishwa na Wajapani?

MLETA UZI

Ndiyo yenyewe, na mwisho wake unarudi kwetu moja kwa moja. Tarehe 5 Aprili 1942, miaka kadhaa baada ya Bell Davies kuiacha, Cornwall ilikuwa kusini-magharibi mwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) pamoja na kruza nyingine, Dorsetshire. Ndege za Kijapani za kutupa mabomu zikitoka kwenye meli za Admirali Nagumo ziliziangukia zote mbili na kuzizamisha kwa dakika chache. Walikufa watu 424, na zaidi ya elfu moja wakaokolewa majini baada ya saa nyingi. Siku nne baadaye ikazamishwa Hermes, ileile iliyojengwa kutokana na majaribio ya Argus, na ilipokufa haikuwa na ndege zake ndani. Baada ya hapo Meli za Mashariki za Uingereza zilirudi nyuma hadi Kilindini, na Mombasa ikawa makao yao makubwa kwa muda. Katika kipindi hicho jeshi la wanamaji lilijenga vituo vya ndege zake Kenya na Tanganyika, kikiwamo cha Tanga.

Kwa hiyo kruza aliyopewa ili ajenge jina kama nahodha wa mizinga iliuawa na silaha ileile aliyokuwa ameitetea mezani kwa miaka mingi, lakini ikiwa mikononi mwa jeshi la wanamaji lililoitilia maanani zaidi.

MCHANGIAJI WA PILI

Umemwacha njiani. Baada ya Cornwall ilikuwaje?

MLETA UZI

Alipewa kambi ya wanamaji ya Devonport akiwa na cheo cha komodoa, na akiwa huko mambo yakageuka. Julai 1937, waziri aliyekuwa amepewa kazi ya kusuluhisha, Thomas Inskip, aliamua kwamba ndege zinazokaa melini zirudishwe kwa wanamaji. Makabidhiano kamili yalifanyika tarehe 24 Mei 1939, zaidi kidogo ya miezi mitatu kabla ya vita. Bell Davies, ambaye mwaka 1938 alikuwa amepandishwa kuwa admirali wa nyuma, aliteuliwa kuwa wa kwanza kuviongoza vituo vya ndege vya wanamaji, makao yakiwa Lee-on-Solent.

Alichopokea kilikuwa viwanja vichache, vikiwamo Ford, Worthy Down na Donibristle, pamoja na mafundi wa RAF walioazimwa kwa sababu jeshi la wanamaji halikuwa na mafundi wa ndege wa kutosha, na ndege ambazo nyingine zilikuwa zimepitwa na wakati zikiwa bado mpya. Ilimlazimu ajenge shule, karakana na vituo vipya huku vita vikiwa vimeanza. Marubani waliopitia mikononi mwa mfumo huo ndio walioruka kwenda Taranto, ndege 21 za Swordfish zilizotoka kwenye meli ya ndege ya Illustrious usiku mmoja na kuharibu manowari tatu kubwa za Italia. Sifa ya kazi hiyo inawaangukia marubani, inavyostahili, ila mtu aliyehakikisha kwamba wana mahali pa kufundishwa pa kwao wenyewe hutajwa mara chache mno.

Mei 1941 alistaafu, akiwa na umri wa miaka 55 na cheo cha makamu admirali. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwangu linaeleza tabia yake kuliko hata Ferrijik: alivua cheo hicho akarudi kazini kama kamanda wa akiba, cheo cha chini kabisa kulinganisha na alichokuwa nacho. Alisimamia misafara ya meli za mizigo, kisha akapewa Dasher, meli ndogo ya ndege iliyotengenezwa Marekani kutokana na kiunzi cha meli ya mizigo, na baada yake Pretoria Castle, meli ya abiria ya kampuni ya Union-Castle iliyokuwa imegeuzwa na kutumika zaidi kwa majaribio ya ndege na mafunzo ya kutua. Meli ya ndege aliyoikosa akiwa kapteni kamili wakati wa amani, aliipata akiwa mstaafu.

MCHANGIAJI WA TATU

Hapo umenishinda, nakiri. Je, aliyemfuata pale Pretoria Castle alikuwa mtu wa mizinga tena?

MLETA UZI

Hapana. Mwaka 1944 Pretoria Castle ilikwenda kwa Caspar John, mtoto wa mchoraji Augustus John, ambaye alijifunza urubani katikati ya miaka ya 1920 chini ya utaratibu uleule wa vyeo viwili niliouelezea hapo juu, na akaustahimili. Mwaka 1960 akawa mkuu wa jeshi lote la wanamaji la Uingereza, wa kwanza kutoka miongoni mwa marubani wa Fleet Air Arm. Bell Davies alikuwa bado hai. Alifariki Februari 1966.